Njia Panda Namba Saba

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, fundi simu mstaafu aliegemeza simu yake kwenye stesheni ya kadibodi iliyokuwa juu ya meza ya reli, ile aliyoitandikia magarimoshi madogo ya umeme, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Daktari alikuwa amempa wiki mbili. Siku tisa zilikuwa zimekwisha. Muuguzi wa zamu alikuwa jikoni akichemsha maji. Watoto wake wawili waliishi mbali, kila mmoja na mji wake, na walikuwa hawajasemeshana kwa miaka kumi na mmoja. Mzee alikohoa, akasubiri pumzi irudi, akasema:

“Sikilizeni, wanangu. Nawasemesha pamoja, maana humu kwenye simu hakuna mlango wa mmoja kutokea mwingine anapoingia. Nyumba ni yenu nyote wawili, karatasi zake ziko kwenye kabati la mama yenu chini ya mashuka, na asitokee wa kumwambia mwenzake ‘hapa si kwako.’ Hilo ni jepesi. Zito ni hili la meza.

Binti yangu, meza hii ulikuwa unaiita mke mwenza wa mama. Vumilia leo nikueleze mambo yake taratibu, kwa sababu kosa langu limejificha humo ndani. Kila mahali reli moja inapogawanyika kuwa mbili, sisi tulipaita njia panda, na tunazo tisa. Katikati ya kila njia panda pana kipande cha chuma kinachokanyagwa na garimoshi linalokwenda kushoto na linalokwenda kulia, kwa hiyo umeme wake lazima ugeuke kila njia inapogeuka, na kazi hiyo inafanywa na swichi ndogo chini ya meza, yenye waya mwekundu upande huu na mweusi upande ule. Ukizibadilisha nyaya hizo, garimoshi likifika pale ni shoti. Na kwa kuwa reli zote zinakula umeme mmoja, na amri za kompyuta zinapita humohumo, shoti ya mahali pamoja inasimamisha magarimoshi yote, hata lile lililoko upande wa pili wa chumba, lisilo na habari wala hatia.

Sasa nisikilizeni. Nilipokuwa natandika nyaya za namba saba, waya mwekundu uliniishia. Kilibaki kipande kifupi, cha kutosha upande wa karibu tu, ambao ni upande wa mweusi. Mtu mwenye akili angekwenda dukani. Mimi, fundi wa miaka thelathini na minne, niliyewafokea vijana wangapi kazini kwa kutoandika walichofanya, niligeuza rangi: mweusi ukashika kazi ya mwekundu, mwekundu ukashika ya mweusi. Nikafunga uzi mweupe wa kushonea kwenye kila ncha, kujikumbusha kwamba hapo rangi zinadanganya. Sikuandika popote. Wiki iliyofuata nikakwambia wewe, mwanangu, Fundi Mdogo kama majirani walivyokuita, uingie chini uunge swichi. Ukaunga kwa kufuata rangi, kama nilivyokufundisha tangu una miaka minane.

Jumapili ile wenzangu wa kazini walikuja kutazama. Garimoshi la kijani, zawadi ya mama yenu, likakanyaga namba saba, moshi ukatoka tumboni mwake, na mmoja wao akaangua kicheko: ‘Stesheni masta, kumbe la kwako linakula makaa!’ Kicheko kile kilinipanda kichwani. Nikakwambia mbele yao, ‘Mikono yako haina macho. Usiguse tena kitu changu.’ Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Na wewe binti ukaniunga mkono, ukamwita mdogo wako mharibifu, kwa sababu ulimwamini baba yako. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Akaacha chuo cha umeme, akaondoka. Leo anauza matairi, na kazi ni kazi, lakini ile mikono ilikuwa ya waya.

Siku nne baadaye, binti, ulifagia chini ya meza, ukaniletea kitu kiganjani. ‘Baba, nyuzi hizi za nini?’ Nikakujibu, ‘Za mama yako. Tupa.’ Nilijua palepale: ni alama zangu za namba saba zilizodondoka, na kijana alifuata rangi zilizodanganya. Nilikuwa na simu mfukoni na namba ya kijana kichwani, nikanyamaza.

Mama yenu nilimwambia. Alikuwa akiniletea chai hapa, ananiuliza, ‘Stesheni masta, garimoshi la msamaha linaingia saa ngapi?’ Namjibu limechelewa. Anasema, ‘Abiria wamechoka kungoja, mume wangu.’ Miaka sita iliyopita abiria mmoja akafa. Mwanangu, ulikuja kuzika, ukasimama getini, ukaondoka bila kunywa maji, na mimi nilikuona dirishani nikashindwa kutoka.

Tangu hapo niko na meza. Garimoshi la kijani nililifanyia matengenezo, linatembea, ila ni duara la nje tu. Stesheni ya ndani halijaingia, kwa sababu njia yake ni namba saba. Kuzigeuza zile nyaya ni skrubu mbili. Nimeingia chini mara tatu, na mara zote tatu nimesikia sauti yangu ikisema mikono yako haina macho, nikatoka. Mchana naliwasha, natangaza kwa sauti linapofika, halafu nakumbuka hakuna wa kushuka.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanangu, hukukosea. Binti yangu, mdogo wako hakukosea. Kosa ni langu... ngojeni kidogo.

Vifaa vyote, pasi ya kuungia nyaya, mita ya kupimia umeme, bisibisi zangu, ni vya Fundi Mdogo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Meza msiiuze kabla ya kugeuza namba saba. Geuzeni pamoja. Mmoja chini, mmoja ashike tochi. Na mkimaliza andikeni... andikeni kwenye ubao wa meza, rangi gani imekwenda wapi, asije mtu mwingine akalaumiwa.

Basi. Mungu awape nyumba yenye makelele. Mkiitana, muitikiane. Mimi... nimewaachia njia wazi. Pumzi hii... basi, wanangu.”

Rekodi ina urefu wa dakika kumi na tisa. Dakika nne za mwisho hazina maneno. Linasikika garimoshi likizunguka, kisha muuguzi akiuliza kama chai aiweke hapo. Mzee aliituma kwa watoto wote wawili saa sita mchana. Mzee alifariki Jumanne saa tatu asubuhi. Mwanawe wa kiume alifika jioni yake, dada yake akiwa ameshatangulia.

Ijumaa, siku moja baada ya mazishi, saa tano asubuhi, kijana aliingia chini ya meza na bisibisi ya baba yake. Dada yake alipiga magoti, akashika tochi.

“Unanimulika machoni, dada.”

“Si ndiyo nihakikishe yapo.”

Kijana akacheka chini ya meza, na dada naye akacheka, na tochi ikawa inatikisika.

“Haya, shikilia vizuri.”

Alipokwisha kuzigeuza zile nyaya, kijana aliandika rangi kwenye ubao kwa penseli. Saa tano na dakika ishirini na tano, garimoshi la kijani lilipita njia panda namba saba, likaingia stesheni ya ndani, likasimama.