Mwalimu Étienne Mumbere, Aliyetunza Tope la Bahari (1956–2003)

Huyu tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 14 Februari 2003, alizaliwa Komanda tarehe 9 Mei 1956, mtoto wa tatu wa kantonye aliyetengeneza barabara ya Irumu. Dada yake mkubwa, Charlotte, ambaye ameandika karatasi hii na hataki irekebishwe na mtu, ndiye aliyembeba mgongoni. Alikuwa mtoto wa maswali. Mto Ituri ukijaa na kuwa mwekundu, alisimama kuuliza udongo wote ule unakwenda wapi, akachapwa kwa kuchelewesha maji nyumbani.

Alisoma shule ya msingi Komanda na sekondari hapa Bunia, akapata diploma ya serikali mwaka 1975. Lubumbashi alichukua masomo ya jiolojia. Mwaka 1979 yeye na mwenzake mmoja walichaguliwa kupanda meli ya watafiti pale Banana, mahali maji ya Ituri yetu, yakiisha kupita mito mingine, yanapoingia baharini. Meli ilishusha bomba mpaka chini kabisa, mita elfu nne, ikalitoa limejaa tope. Ndipo alipopata jibu lake. Tope lile lilikuwa limelala tabaka juu ya tabaka: jeusi la miaka ya mvua, lenye mabaki ya majani ya misitu yetu, jeupe la miaka ya ukame, lenye magamba ya vijidudu vya bahari, madogo kuliko punje ya ulezi. Anayejua kusoma anasoma humo miaka elfu kumi na mbili. Alipewa kipande chake cha urefu wa mkono, chenye miaka hiyo yote, ndani ya bomba la plastiki.

Alirudi Bunia mwaka 1981, akafundisha jiografia miaka ishirini na moja. Wanafunzi ambao hawajawahi kuiona bahari aliwagusisha kidole kwenye tope, akawaambia walambe. Wakikunja uso kwa chumvi, aliwaambia: "Basi mumefika bahari, na hamukulipa tikiti." Kisha alicheka yeye kwanza, maana mizaha yake ilimfurahisha kuliko mtu mwingine yeyote.

Alimwoa Scholastique tarehe 18 Agosti 1984. Mjane anasema bomba liliingia chumbani kabla yake. Kila Jumamosi mumewe alilifunga kitambaa kibichi, tope lisikauke likapasuka na tabaka kuchanganyika. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, maana katika Ituri yetu nani analinda udongo bure? Huku mtu akitunza udongo chumbani, ni udongo wa dhahabu. Hata mtoto anayenyonya anajua. Majirani walinong'ona, ndugu wakakoleza, Mwalimu akachoka kukana. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo, laja. Lilikuja Jumanne tarehe 4 Februari, saa nne asubuhi, na bunduki sita.

Vijana waliozibeba walileta karai. "Weye muzee, utaosha weye mwenyewe," walimwambia. Aliwaomba aanzie juu, wakamruhusu, wakicheka. Mbele ya mkewe akaliosha tope lile kama mchimbaji wa dhahabu, tabaka baada ya tabaka, na miaka elfu kumi na mbili ikamwagika kwenye mtaro wa jikoni. Karai likabaki tupu. Scholastique anasema aliinua uso karibu afurahi, kwamba hatimaye watu wameona kwa macho yao kuwa ni tope. "Munaona? Iko potopoto tu." Mkubwa wao akamjibu: "Basi ile ya zahabu ulificha wapi?" Ndipo walipompiga kwa mpini wa sepetu.

Aliumwa siku tisa. Alikuwa anakojoa damu, na Nyankunde, ambako tungempeleka, hospitali imebaki kuta tangu mashambulio ya Septemba. Ndugu walikuja kumwangalia, na Charlotte anawashukuru kwa supu. Lakini hatanyamaza juu ya Adolphe, baba mdogo wa marehemu, aliyefunga mlango, akapiga magoti kando ya kitanda na kusema: "Mumbere, siye ni famii. Siye usitufiche. Iko wapi?" Mgonjwa akajikaza. "Baba mudogo, ile ni potopoto." Adolphe alitoka amekasirika, akisema huyu mtoto ana choyo mpaka kaburini. Mwalimu alifariki jana, Alhamisi, saa tisa mchana. Tulikuwa bado tunamwosha tuliposikia jembe nyuma ya nyumba, na aibu ile Charlotte hajaisamehe.

Anaacha mjane, Scholastique, watoto watatu, Prudence, Destin na Fifi, wajukuu wawili, dada yake Charlotte, baba yake mdogo Adolphe, na mashimo kumi na moja uani.

Sanduku lilifunguliwa asubuhi hii mbele ya wazee wa pande zote mbili, kama walivyodai. Walipapasa pembeni, wakapapasa na chini ya kichwa chake. Wamehakikisha kwamba ndani yumo Mwalimu peke yake. Kwa hiyo tunawaomba, jamani, msirudi hapa na jembe. Apumzike kwa amani, nanyi mumwache apumzike.