Nafasi ya Bwambale na Masereka

Sogeeni wanangu, mnisikilize, na mlango ufungwe, maana nina hasira na pumzi ni chache, sitaki kuimalizia kwa wapita njia. Nobert, kaa hapa nikuone. Evas, niongezee mto mgongoni. Nawe Kule, mwanangu, weka simu chini. Mama yenu Yudesi abaki hapo hapo alipo. Nitasema Kiswahili, kwa sababu ndicho nilichofundishiwa uchapaji kwa mapadre kule Butembo, na ili Philippe, aliyeniendeshea mashine miaka kumi na mitano, awe shahidi wa kila neno.

Karatasi hii mnaijua. Ni programu ya mazishi yangu. Sijafa, na tayari nimechapwa! Philippe ndiye aliyeniletea jana kutoka dukani Kasese, akasimama hapo mlangoni akasema, "Muzee, mi nakatala kukata hii. Jina ya Evas iko mu kisu."

Msidhani nimekasirika kwa kuwa mmejiandaa. Ugonjwa huu kila mtu wa Karambi anaujua mwisho wake, na asiyejiandaa huaibika mbele ya wageni. Nimekasirika kwa sababu mmejiandaa vibaya, nyinyi watoto wa mchapaji! Tazameni huu uso. Nobert, umeivuta picha kwa upande ili ijaze ukurasa, nami nimepanuka kama boga, wakati kila mwanafunzi wangu nilimfundisha siku ya kwanza kwamba picha hukuzwa kwa kona, urefu na upana pamoja, la sivyo unamtukana mwenye sura. Nimehesabu fonti saba katika kurasa nne. Moja ina mikia, moja ina kivuli, moja inawaka moto. Moto, kwenye mazishi ya Mkristo! Fonti moja ya vichwa na moja ya maelezo zinamtosha hata askofu. Na sala umeziandika kwa njano juu ya mawingu meupe. Vikongwe wa Karambi watazisoma kwa macho ya nani?

Mnakumbuka lile tangazo la wauza samaki wa Kasenyi? Kila neno lilikuwa kubwa, kila neno jekundu, kila neno limepigiwa mstari, na watu wakaja mkutanoni siku ya pili yake, kwa kuwa hakuna aliyeiona tarehe. Niliwaambia siku ile, na leo narudia kwa mara ya mwisho: wote wakipiga kelele hakuna anayesikika. Amueni kwanza msomaji aone nini, kisha nini, ndipo mguse kompyuta. Na pambizo, Nobert, pambizo si shamba lililoachwa na mwenyewe. Picha ikifika ukingoni ipitishe mstari wa kukatia kwa milimita tatu, na maneno yarudi ndani, kwa sababu kisu hakijui jina la dada yako wala hakina huruma.

Utaniambia lile unalomwambia kila mtu, "Mzee, kastoma anataka ijae, peupe ni hasara." Ndivyo ulivyosema pia ulipochukua masanduku yangu ya herufi za madini ya risasi, nilizozibeba kutoka Butembo mgongoni, ukawauzia wavuvi wa Kasenyi wafunge kwenye nyavu ziende chini. Alfabeti yangu yote iko Ziwa George, inakamata ngege. Nilinyamaza, na kunyamaza ndilo kosa langu, maana mchelea mwana kulia hulia yeye.

Sasa nifikie penye kidonda. Ukurasa wa tatu: "Watoto wa marehemu." Someni. Nobert. Kule. Evas, aliyewekwa mdomoni mwa kisu. Basi. Enyi wanangu, nani Mkonzo atakayesoma hapo asitikise kichwa? Sisi mtoto huitwa kwa zamu yake ya kuzaliwa, na Kule ni jina la mwana wa kiume wa nne. Hakuna anayeitwa Kule akiwa na kaka mmoja tu mbele yake! Jina la Kule lenyewe litasimama kaburini na kuuliza, wako wapi wengine wawili? Nilipomuuliza Nobert jana, alinijibu bila kupepesa kwamba nafasi haikutosha. Nafasi haikutosha! Kwa mawaridi ilitosha, kwa njiwa wawili wanaoruka ilitosha, kwa uso wangu wa boga ilitosha, ila kwa Bwambale na Masereka, waliolala hapo nyuma ya kahawa, haikutosha.

Nobert, usilie, sijamaliza, na sehemu iliyobaki ni yangu mwenyewe, kwani nyani haoni kundule. Surua ilipowachukua, wote wawili katika juma moja, mimi nilikuwa Kasese nachapa kadi za harusi ya mkubwa mmoja. Niliitwa mara mbili nikasema wino haujakauka. Nilipofika Karambi walikuwa wamekwisha kuzikwa, na wewe, mtoto wa miaka tisa, ndiye uliyesimama mahali pangu ukatupa udongo. Tangu siku ile nimechapa programu za wafu wa Bukonzo nzima, nimepima pambizo za watu nisiowajua, na wanangu wawili sikuwachapia hata kipande cha karatasi, wala sikuwataja mezani. Uliwasahau kwa sababu nilikufundisha kuwasahau. Hasira yangu yote ya leo, nusu yake najikasirikia mwenyewe.

Kwa hiyo shikeni. Duka la Kasese ni la Nobert, lakini hakuna kazi itakayoingia mashineni bila Evas kuipitisha. Mashine ya kukatia karatasi ni ya Evas, kwa kuwa yeye peke yake hupima mara mbili. Duka la Bwera ni la Kule. Philippe asiondolewe katika chumba chake mpaka aondoke mwenyewe. Mashamba haya ya Karambi ni ya mama yenu, na asikatiwe hata mti mmoja wa kahawa bila kuulizwa.

Evas, nipe maji… Inatosha.

Nobert, chukua kalamu. Hapa, mgongoni mwa karatasi hii hii. Chora mstari wa kukatia. Ingia ndani… vidole viwili. Anza na jina lako. Sasa Bwambale. La, umemwandika mdogo, kana kwamba unamwonea haya. Awe sawa na wewe. Masereka chini yake, herufi zianzie pale pale zilipoanzia zako. Kule. Evas. Wote mstari mmoja wa kushoto. Usijaze pembeni, mwanangu, paache peupe, wapate kupumua… mimi siwezi tena.

Mungu awape macho ya kuona kinachokosekana. Awalinde mkono kila kisu kinaposhuka. Msigombane juu ya… Yudesi, nishike.

Nafasi haitoshi, unasema? Ipunguzeni picha yangu… ipunguzeni mpaka watoshe.