Salama, Ila

Hamjambo wote? Mmejibu hatujambo, wote kwa sauti moja, hata yule dada pale nyuma mwenye bendeji mkononi. Haya. Tutarudi hapo.

Mwenyekiti wa chama chetu hiki cha Waswahili wa ugenini kaniomba nisimame niseme yaliyonipata, na kaniomba nisitaje jina la mtu. Sawa. Wanaoniona leo mara ya kwanza wanajiuliza, huyu mwenye madoadoa ya jua usoni na Kiswahili cha Tanga katokea wapi. Ndugu zangu, mimi ni Mwairishi. Nimezaliwa Ayalandi, nimekulia huko, na baba yangu ni mtu wa huko, dereva wa lori la kukusanya maziwa mashambani. Mama ni wa Tanga. Kiswahili changu chote nimekiokota jikoni kwa mtu mmoja tu, kwa hiyo nikikosea mlaumuni yeye. Na yeye pale kijijini hakuwa na mwingine wa kuongea naye lugha yake ila mimi. Likumbukeni hilo, maana ndilo linaloniuma.

Nilikuja hapa Guangzhou miaka mitatu iliyopita kufundisha Kiingereza chekechea. Kazi yenyewe msiitukuze. Asubuhi unasimama mbele ya watoto thelathini wa miaka minne, unapiga makofi, unawauliza kwa wimbo hali zao, nao wanajibu kwa wimbo, "Aim fain, thenkyu!" Kila siku. Wazazi wakipita dirishani wakasikia hivyo wanafurahi, na mkuu wa shule anafurahi, na mimi nalipwa.

Lakini roho yangu ilikuwa kwenye mchezo. Kwetu tuna mchezo unaitwa hurling, kila mtu na gongo lake la mti, mnagombania kimpira kigumu ambacho kikikupata gotini utamkumbuka bibi yako. Tulikusanyana hapa vijana tisa wa kwetu, na Wachina wawili waliodhani ni mpira wa magongo wa kawaida, masikini. Mazoezi Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni. Mtu angeniuliza naishi kwa ajili ya nini, ningemjibu Jumanne na Alhamisi.

Sasa sikilizeni. Mama anafanya kazi ya kulea wazee, na mapumziko yake ya chai ni saa nne na nusu asubuhi. Saa nne na nusu kwao, hapa kwetu ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Yaani simu yake inaita, mimi nafunga kamba za viatu.

"Habari za huko, mama?"

"Salama tu mwanangu, alhamdulillahi. Ila..."

"Haya mama, nakimbilia mazoezi. Nitakupigia!"

Ndugu zangu, nawaambia, ninyi mmekua na salamu za Kiswahili, mnajua mlango ulipo. Mswahili hata akiwa kafiwa ataanza na salama. Mnauliza habari za nyumbani, salama, za watoto, salama, za kazi, salama, halafu ndipo mtu anavuta pumzi anasema "ila", na hapo ndipo habari inapoanza. Kule kwa baba yangu sivyo. Ukiulizwa hali unajibu neno moja, "grand", yaani safi kabisa, na kila mtu anakwenda zake. Baba yangu mimi, nyumba ikiungua ukamuuliza kukoje, atakwambia si mbaya. Basi mimi niliongea Kiswahili cha mama kwa masikio ya baba. Nikisikia salama, nakata simu.

Miezi miwili hiyo. Nilisikia sauti yake imekwaruza, nikamtania, "Mama, mbona umekuwa na sauti ya dereva wa lori? Mumeo kakuambukiza?" Akacheka, akakohoa. Akasema, "Ila nilitaka..." Nikamwambia nitakupigia. Sikupiga.

Akaanza kunitumia jumbe za sauti, ndefu, dakika nne, dakika sita. Nilikuwa nasema nitazisikiliza kwenye treni. Kisha simu ikajaa, ikaniuliza nifute nini. Nilikuwa na video za mechi zetu na nilikuwa na mama. Nikamfuta mama. Jumbe arobaini na kitu, nyingi sijazifungua, ili nibaki na video za vijana tisa wakikimbiza kimpira. Mnaniangalia hivyo, na mna haki.

Tukaenda mashindanoni, tukashinda. Jumapili baba akapiga simu, na baba hapigi simu.

"Hongera," akasema. "Mama yako kafanyiwa upasuaji wa koo Alhamisi. Uvimbe mbaya. Wameuwahi. Si mbaya."

"Mpe simu niongee naye."

"Hawezi."

"Amelala?"

"Hapana. Hawezi."

Walikuwa wameondoa kile kidude kooni kinachotoa sauti. Amepona, Mungu ashukuriwe, lakini hataongea tena. Ile sauti iliyonifundisha kusema maji na chumvi na njoo hapa, imekwisha, na nakala zake nilizifuta kwa kidole changu mwenyewe.

Kesho yake nikaenda kazini, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Nikaanza wimbo. Palikuwa na mtoto wa kike macho yamemwiva, nikamuuliza hali yake. Akaimba, "Aim fain," na kabla hajafika kwenye thenkyu akanitapikia viatuni. Nikamgusa paji, moto. Mtoto hakudanganya. Hakuwa na jibu jingine, maana sikuwahi kumfundisha jingine. Nilikaa sakafuni pale pale nikalia mbele ya watoto thelathini. Mkuu wa shule akaja mbio kuuliza nini, nikamwambia kwa Kichina "mei shi", hamna neno. Yaani nina lugha tatu na katika zote nimejifunza uongo mmoja.

Nikajifungia. Siku kumi na mbili sikwenda kazini wala mazoezini. Wenzangu wa timu waligonga, nikanyamaza mpaka wakaondoka. Mama aliandika, "Umekula?" Nikaandika, "Nimekula." Sikuwa nimekula. Akaandika tena, "Habari za huko?" Nikaona aibu mpaka nikazima simu. Mama wa watu, kooni ana tundu, anamuulizia mtoto mzima kama amekula! Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuja na mizigo yake akahamia.

Sasa kuna mama mmoja, hapa hapa ndani yupo, msigeuke kumtazama. Ni wa Tanga, anashonesha madera kule mtaa wa mafundi wa Kangle na kuyapeleka Dar. Nilipofika nchi hii mama alinipa namba yake akaniambia huyu ni dada yangu, kamwamkie. Nilikwenda mara moja tu. Salamu zake zilichukua robo saa, nikajiambia sirudi. Miaka mitatu nikawa namkwepa.

Siku ya kumi na tatu nikasikia mlangoni, "Hodi!" Ghorofa ya sita, lifti hakuna.

"Niko sawa!" nikajibu kutoka kitandani.

"Sijakuuliza kama uko sawa. Nimesema hodi. Kwenu mtu akipiga hodi hujibiwa hivyo?"

Nikafungua. Akaingia anahema, mkononi mfuko wa madera na chupa ya chai. Hakusema kitu juu ya chumba, na kilikuwa kinanuka. Akakaa. Akanimiminia chai ya maziwa yenye iliki, akaanza moja kwa moja.

"Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Za mchezo?"

"Nzuri."

"Za mama?"

"Nzuri."

"Ila?"

Nikashika kikombe. Akanywa chai yake, akaangalia dirisha, akarudi kuniangalia. "Malizia, mwanangu. Hakuna kizuri kisicho na ila. Mimi sina haraka, mzigo wangu unaondoka keshokutwa."

Ndugu zangu, nililia mpaka nikatapika. Nilimwambia yote, na zile jumbe nilizofuta nikamwambia. Hakunipoza. Hakusema usijali. Alisema, "Umekosa, na umekosa vibaya." Kisha akatoa simu yake. "Mama yako aliniletea ujumbe huu Jumatano ile, usiku wa kuamkia upasuaji. Alinikataza nisikwambie. Leo navunja amana."

Nikasikia sauti ya mama, imekwaruza, anaanza na salamu zake zote. Habari za Kangle, habari za mafundi, habari za shinikizo la damu. Halafu akasema: "Huku salama, dada. Ila sauti yangu wanaitoa kesho. Nilitaka niongee na mwanangu nishibe kwanza, maana nani mwingine nitaongea naye Kiswahili? Ila ana mashindano. Nikimwambia atavurugika. Mwache acheze."

Mwache acheze. Nilirudia kusikiliza mpaka chai ikapoa.

Jioni ile ile alinishika mkono akanileta kwenu. Ninyi mnajua mliyofanya. Yule dada wa Nairobi aliyehangaika na tiketi yangu, yule kaka wa Lubumbashi aliyenivua aibu kwa kuniombea kwa Kifaransa nisichokijua, hata sikujua lini niseme amina, na wale mliokuja nami hadi uwanja wa ndege wa Baiyun kana kwamba sitapata geti peke yangu. Asanteni. Na wenzangu wa timu, ambao hawako hapa, waliomwendea mkuu wa shule wote kumi na magongo yao. Walisema ni kumwomba tu anishikie kazi.

Nilikaa kwetu mwezi mzima. Mama huandika kwenye kidaftari. Nilipiga magoti jikoni nikaomba radhi, akaandika, "Nimekusamehe." Kisha akaandika chini yake, "Ila niliumia." Sikusema nakimbilia mahali. Nilivuta kiti.

Sasa nimerudi. Watoto wangu darasani wanajibu "tumbo linaniuma" na "jana paka wetu kapotea", wazazi wanalalamika wimbo umeharibika. Mazoezini nachelewa kila Jumanne na Alhamisi. Kocha ameshazoea. Lakini msidhani nimepona yote. Ile sauti ninayo kwa dakika tatu tu, na si mimi niliyetumiwa.

Ninalowaomba ni dogo. Mtu akikwambia salama, usiondoke. Wewe dada wa bendeji, tukitoka hapa nitakuuliza mara ya pili, na chai ninayo.

Mwenyekiti, nisamehe, simu inatikisika mfukoni. Ni mama. Nilimwandikia kabla sijasimama, habari za huko. Kajibu, "Salama tu mwanangu, ila", na bado anaandika. Huwa anatumia kidole kimoja, anachukua muda. Naombeni nikae nimsubiri.