Mkono wa Mama Rimu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa sita mchana, mhudumu wa chumba chetu cha kuchapia atafunga mlango na kumkabidhi mkuu wa shule ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Walimu na wanafunzi humwita Mama Rimu, na hata mwanawe anapopiga simu shuleni huomba kuzungumza na Mama Rimu.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na tisa. Enzi hizo mashine ilizungushwa kwa mkono, na mtihani wa shule nzima ulimchukua siku mbili za kuzungusha. Mwenyewe husema ndiyo maana mkono wake wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto, na kwamba fundi cherehani wake amekwisha kuzoea. Baadaye ikaja mashine ya umeme, lakini chumba ni kilekile: dirisha moja, meza moja, kabati la chuma, harufu ya wino na ya karatasi zenye joto. Jua la asubuhi likiingia, vumbi la karatasi huelea polepole, na ukisimama mlangoni unaweza kusahau ulitumwa nini.

Miaka yote hiyo ameona maswali ya kila mtihani kabla yetu, wala halijavuja hata moja. Waliojaribu ni wengi. Mwenzetu mmoja alimwamkia kwa adabu zote: "Shikamoo Mama, hivi hesabu za kesho ni ngumu?" Akajibiwa, "Marahaba mwanangu. Ni ngumu kwa aliyekuja kuniuliza."

Lakini sifa yake kubwa ni mkono. Ukimwambia unataka karatasi thelathini na saba, hupitisha kidole gumba pembeni mwa rimu ya karatasi, huinua fungu, akakupa. Hahesabu. Ukihesabu wewe, ni thelathini na saba. Mkuu wa shule aliwahi kumbishia, akahesabu mara mbili hapohapo akiwa amesimama, akachelewa kikao alichokiitisha mwenyewe.

Mwaka huu, kwenye mdahalo, tulipewa swali: je, mtu wa kawaida anaweza kuwa bingwa wa dunia? Upande wa kupinga ulishinda. Ulisema bingwa ana kocha, ana uwanja, ana viatu maalumu. Sisi tulioshindwa tulirudi darasani tukiwaza. Dunia ni kubwa. Huenda kuna mtu mahali fulani anayekunja shuka vizuri kuliko binadamu wote, na majirani zake wanajua tu kwamba huamka mapema. Huenda bingwa mwingine anamenya viazi sasa hivi, huku akiwaza mambo mengine kabisa. Ndipo tukamkumbuka wa kwetu.

Mwalimu wa hesabu alitusaidia kuiandikia ofisi ya mbali inayotunza rekodi za dunia. Wakajibu kwamba jambo hilo halijawahi kupimwa, ila linapimika: mafungu ishirini, idadi zichaguliwe kwa kura, mashahidi wawili wasio ndugu, bila kosa hata moja. Tulidhani Mama Rimu angecheka. Alivuta kiti akakaa. Alisema amechapa vyeti vya kila aliyemaliza shule hii, vyeti vya mbio, vya usafi, vya tabia njema, na hajawahi kuchapa chenye jina lake. "Hicho ningekitaka," alisema. "Ningekitundika pale mwanangu alipotundika kalenda."

Kipimo kilifanyika Jumamosi iliyopita. Mashahidi walikuwa mwalimu wa hesabu na mkutubi wa maktaba ya jirani, mwanamke asiyetabasamu ovyo. Mkutubi alichomoa vikaratasi kwenye kopo na kutamka idadi, Mama Rimu aliinua fungu, mwalimu akahesabu kwa sauti. Kumi na nane, sawa. Hamsini na sita, sawa. Sisi tulijazana dirishani tukishikana mikono. Fungu la kumi na tisa lilipokuwa sawa, hata mkutubi alivua miwani akaipangusa.

Kikaratasi cha mwisho kilisema arobaini na tatu. Darasa letu lina wanafunzi arobaini na watatu, na kabla hatujajizuia tukanong'ona kwa pamoja, "Ni sisi hao." Mama Rimu alitutazama, akatabasamu, akainua fungu. Mwalimu alihesabu mpaka arobaini na tatu, na mkononi mwake ikabaki karatasi moja.

Hapo ndipo Mama Rimu alipotuambia jambo ambalo hakuna aliyelijua. Mwaka wake wa pili kazini, mtoto mmoja alifuta jibu kwa nguvu mpaka karatasi yake ya mtihani ikachanika, na nyingine haikuwepo. Alikaa saa mbili akiitazama. Tangu siku ile, Mama Rimu huongeza moja katika fungu la kila darasa. Akitajiwa idadi, mkono hutoa idadi. Akitajiwa watoto, mkono hutoa idadi na moja ya atakayeharibu. Walimu, miaka yote hiyo, walidhani kuna mtoro.

Mwalimu wa hesabu aliishika ile iliyozidi, akatazama dari, akasema kwamba karatasi nyingine hushikana kwa unyevu. Mama Rimu akamwambia, "Baba, ukiificha hiyo, cheti waandike jina lako." Fomu ikajazwa: kumi na tisa. Mkutubi akatia sahihi.

Ofisi ilijibu jana. Kumi na tisa haina cheti. Ila mtu anaruhusiwa kurudia baada ya miezi mitatu, na si lazima awe bado kazini. Mama Rimu amekwisha kununua rimu mbili za mazoezi. Mwanawe, ambaye kila siku alikuwa akimwuliza atafanya nini akistaafu, sasa ndiye mtamka idadi.

Mama, tunakushukuru kwa kila karatasi iliyofika mezani kwetu ikiwa bado na joto. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi yenye furaha. Na siku ya kipimo cha pili hatutasogea dirishani. Tutakaa mbali, kimya, ili kwa dakika kumi tu mkono wako utusahau.