Nilimuambia Kule Ni Kuzuri

Ndugu zangu, bamama na bababa, musinipigie makofi kwanza. Ngojeni nimalize, kisha muone kama mikono yenu itapenda. Munanijua kama mama wa korali, ule wa kuuza ndagala, dagaa ya kukausha, kule pwani ya ziwa. Leo sisimami juu ya kuimba. Nasimama juu ya kusema vile nilianguka, na bantu benye balinisimamisha. Majina sitataja. Jina yenye kubeba aibu hapa ni yangu, na munaijua.

Tulitoka Lubondja mi na bwana yangu na batoto bane, wakati vita ilitukuta kwa mashamba. Tulifika muji ya Baraka na sufuria mbili na blanketi moja. Tukapanga chumba ndani ya parsele, kiwanja moja yenye familia sita. Familia sita, choo moja. Unisamehe, muchungaji, lakini nisiposema ile choo hamutaelewa kitu. Mulango yake ilikuwa gunia. Asubuhi tulikuwa tunapanga mustari, kila mutu na kikopo yake ya maji, baba mukwe na muke wa mutoto wake bote pale, bila kuangaliana. Binti yangu wa kwanza alipokuwa musichana, aliacha kunywa maji muchana kusudi asiende kule. Nilimuona anakauka midomo kama muntu wa safari. Nikawa naomba: Mungu, siombi gari, siombi duka. Nipe choo yenye mulango.

Bon. Mwaka moja, kiangazi, tukasikia kama kuko manyumba mupya inajengwa pembeni ya muji. Manyumba ya matofali ya kuchoma, imepangwa sawa batoto ba masomo, manjanja ya bati inang'aa juu, na nyuma ya kila nyumba choo yake. Mwenye kuuza alikuwa muntu wa kutoka mbali, viatu safi kila siku, hata kwa ile vumbi yetu. Bote tulimuita Patro, ni kusema bosi.

Tulienda kuangalia, mi na bwana yangu. Nilifungua ule mulango ya choo, nikaifunga, nikaifungua tena. Mulango ya mbao! Bwana yangu hakuangalia mulango. Aliinama, akakamata bulongo, akaifinya kwa vidole.

"Bulongo ya hapa ni nyeusi sana," akasema. "Tungojee mvua inyeshe. Mvua ndio itatuonyesha hii fasi."

"Wakati tunangoja, bengine banakamata!"

"Bakamate. Nyumba haikimbie."

"We ulizaliwa kungoja," nikamujibu. Siku mbili sikumupakulia bugali mi mwenyewe. Niliachia mutoto amupakulie. Munacheka? Chekeni, hapa bado kunachekesha.

Patro aliona kama mi nawaka na bwana yangu amepoa. Akanifuata pwani, akasimama mbele ya meza yangu. "Mama, bantu ba kanisa banakusikia sana. Uniletee banunuzi, na nyumba yako mi nitairahisisha, karibu bure. Ile ya pembeni, yenye baraza."

Nikarudi kule peke yangu, bila kuambia bwana yangu. Nilipenda tu kuona ile ya pembeni. Nyuma yake nikakuta muntu anachimba shimo ya choo. Alikuwa mukimbizi wa Burundi, anakaa kambi ya Lusenda. Alikuwa ndani ya shimo mupaka kiuno tu, na tayari alisimama ndani ya maji. Anatoa chepe, maji inarudi. Kapita, musimamizi wa kazi, akafika, akaangalia, akasema: "Inatosha. Panda." Wakatupa mawe na bulongo chini, wakaweka simenti juu. Kufikia jioni ilikuwa choo nzuri, nyeupe.

Nikamuuliza ule muchimbaji: "Baba, zote ni vile?"

Akajifuta uso. "Mama, hapa mi na muke yangu tulikuwa tunakodi shamba ya mupunga. Mupunga inapendaka maji. Sasa muniambie, na mavi je?"

Nikacheka. Ndugu zangu, nawaambia, nilicheka sawa ni muntu mwengine anaambiwa. Kisha nikaenda kuangalia baraza.

Nilikuwa na rafiki, dada yangu wa korali. Tulikuwa tunasimama bega kwa bega, anashika sauti ya pili. Ni mujane. Miaka mingi aliuza vitenge kule Misisi, kwa bachimba zahabu, anapanda pikipiki na mizigo yake ndani ya matope, anaibiwa, anaanza tena. Alirudi Baraka na batoto batatu na jasho ya miaka ile yote. Akanijia nyumbani, akakaa kwa kiti, akaniuliza pole pole:

"Dada, mi macho yangu kwa mambo ya manyumba haina akili. We ulifika kule kuangalia?"

"Nilifika."

"Uliona kila kitu?"

"Niliona."

"Basi kuko aje?"

Nikamuambia: "Kule ni kuzuri."

Ni maneno tatu tu. Hakuna mutu alinifunga kamba. Sikuwa na njaa ile siku. Nilikuwa naona baraza.

Akanunua. Siku ya kuingia, sisi korali tulienda kumubarikia nyumba. Tuliimba, tukapiga miguu chini mupaka vumbi ikapanda. Tulikula muchele na samaki. Batoto bake balikuwa banaingia na kutoka ndani ya choo, kusudi tu ya kufunga mulango. Bwana yangu alikula, akashukuru, halafu njiani akaniambia: "Mvua bado."

Mvua ikafika. Inanyesha siku tatu, rafiki yangu anatuma muntu: niende. Nikaenda. Sasa sikieni vizuri, sababu mi nililazimika kuona, na nyinyi mulazimike kusikia. Ile maji haikutoka juu. Ilitoka chini. Choo zote za ule mustari zilitapika. Simenti ilipasuka, na ile yenye ilikuwa ndani ikatoka inje, manjano na nyeusi, na minyoo nyeupe inacheza juu. Ilipita kwa lupango, ile kiwanja ya nyumba, ikaingia jikoni. Sufuria yake ilikuwa inaelea. Kuku balikuwa banadonoa ndani yake na kufurahi. Kisima ya kuchotea maji, yenye Patro alibachimbia, ilikuwa hatua kumi na tano kutoka pale, na ilikuwa imefunikwa na ile ile kitu. Rafiki yangu alikuwa juu ya meza na batoto, anashika kitenge kwa pua. Aliniangalia. Mi nikasema: "Pole, dada, mvua ya mwaka huu ni kali." Mvua! Nikaweka uongo juu ya mavi.

Kisha siku chache, mutoto wake wa mwisho, binti wa miaka sita, akaanguka kolera. Nilienda kule kwa hema ya bagonjwa ba kolera. Benye balilala pale banajua: kitanda inatobolewa katikati, na chini banaweka ndoo. Mutoto alikuwa amelala juu ya ule tundu, macho imeingia ndani, ngozi ya mukono ukiivuta inabakia vile. Seromu, ile maji ya dawa, inashuka kwa mushipa. Mama yake anaosha ndoo, anarudisha, anaosha tena. Harufu ya dawa na harufu ingine. Nikashika mukono ya mutoto, ilikuwa baridi sawa samaki ya asubuhi. Na mi najua ile baridi, ni kazi yangu kila siku.

Kesho yake Patro akanijia pwani. Viatu safi. Akainamia meza yangu, akasema sauti ya chini:

"Mama, bantu banaanza kusema. We useme mutoto alikula ndagala ya kuoza."

"Ndagala ya nani?"

"Ya mutu yote. Kwani pwani ndagala inakosa? Ukisema we, batakuamini. Na ile ya pembeni, kamata ufunguo leo."

Akautoa. Akauweka katikati ya ndagala yangu.

Munajua yenye inanichukiza mupaka leo? Siyo yeye. Ule ni muntu wa vile, namuchukia sawa munavyochukia nzi. Yenye inanichukiza ni vile nilifikiri. Niliangalia ule ufunguo na nilifikiri. Labda pumuzi tatu. Mutoto alikuwa juu ya tundu, na mi nafikiri baraza. Nikajisikia mi mwenyewe, ndugu zangu. Nikanuka. Nikazunguka nyuma ya meza, nikatapika pale pale, mbele ya bamama benzangu. Niliporudi, nikashika ufunguo kwa kitambaa ya kupangusia samaki, nikamurudishia. Sikuweza kuushika na mukono.

Siku ya Mungu Patro alikuja kanisani. Alikuwa ameomba nafasi ya matangazo: kuko mustari ingine ya manyumba, bakristo batangulizwe. Alisimama hapa hapa. Alisema neno "usafi". Aliposema usafi, miguu yangu ikasimama bila kuniuliza.

Nikasema: "Niliona maji ndani ya shimo. Niliona mbele ya dada yetu kununua. Aliniuliza, nikamudanganya juu nilipenda kupewa nyumba. Mutoto iko kwa seromu sababu ya mudomo yangu."

Bwana yangu, upande ya bababa, hakujua kitu. Aliinamisha kichwa kwa mikono. Patro akatabasamu. "Huyu mama ni mugonjwa wa kichwa. Mumuombee."

Ndipo sauti ikatoka kwa kiti ya nyuma kabisa: "Mi ndiye nilichimba." Ule baba wa Lusenda. Sikujua hata kama anasaliaka hapa. Mukimbizi, muntu mwenye akikosa kazi ile analala njaa, alisimama na kofia mukononi. "Nilichimba kumi na moja. Zote zilikuwa na maji. Balituambia tunyamaze, tukanyamaza."

Kesho yake shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, alienda na vijana, bakafungua mashimo. Bakaona. Kuuza kukasimama. Sitawadanganya tena: haki haikufika yote. Bengine balirudishiwa kidogo, bengine hata kidogo hapana, na Patro akaenda zake. Nasikia anajenga fasi ingine.

Mutoto alipona. Balimuponya ni Mungu, na baganga ba ile hema, na mama mwenye alikuwa anaosha ndoo. Lakini rafiki yangu hakunisemesha tena. Kila asubuhi nilimupelekea bidon ya maji safi. Anaipokea, anafunga mulango. Miezi. Siku moja hakufunga. Akaniuliza: "Juu ya nini, dada?" Nikamujibu: "Nilipenda baraza." "Baraza," akasema, "hata haikuwa kubwa." Tukalia, kila mutu kwa upande yake.

Bwana yangu alinisamehe pole pole, kwa namna yake ya kungoja. Sasa tuko na kiparsele kwa mulima, nyumba ya miti na bulongo. Alichimba shimo ya choo mbele ya kusimamisha muti hata moja, akaiacha masika muzima, anaenda kuichungulia kila mvua ikipita.

Namushukuru yeye. Namushukuru baba wa Lusenda, mwenye alisema mara mbili, mara ya kwanza nikacheka. Namushukuru muchungaji hakunifukuza kwa korali, hata kama nilikaa mwaka muzima bila kufungua mudomo.

Ndugu zangu, ukipenda kununua nyumba, nenda kule masika, na uulize kwanza nani alilima pale na alilima nini. Tafuta mwenye kuchimba, usitafute mwenye kuuza. Na kama muntu anakuuliza "uliona?", ujue anaweka batoto bake ndani ya mudomo yako.

Rafiki yangu iko hapa ndani, katikati yenu. Sitamuonyesha. Leo asubuhi, mbele ya kusimama hapa, nilimuuliza kama naweza kusema haya yote. Alikuwa anafunga mutoto nywele. Hakugeuka. Akasema: "Sema. Lakini usiruke pahali."

Dada, sikuruka.