Daktari Aliyegombana na Kovu

Miaka ishirini na tisa si mchezo. Tarehe thelathini Juni, daktari wetu wa macho anavua gauni la upasuaji na kustaafu, tena anaondoka mshindi. Sisi wauguzi wake tutasema yote, yakiwemo yale ambayo angependa tuyanyamazie.

Alipofika hapa, upasuaji wa presha ya macho ulikuwa kazi ya kuvunja moyo. Unafungua kijitundu jichoni ili maji yaliyozidi yatoke na presha ishuke. Mwili nao, kwa kiherehere chake, unakiziba kwa kovu. Presha inapanda tena, mgonjwa anaendelea kupofuka. Ndiyo maana wodi nyingine wanafurahia kidonda kikipona, sisi tunaomba kisipone sana. Wagonjwa wakambandika jina: Daktari Usipone. Mzee mmoja alikuja kliniki akitamba kwamba kidonda chake kimefunga kabisa. Daktari akashika kichwa, mzee akadhani daktari amefiwa.

Yeye ndiye aliyetuletea dawa ya kuzuia kovu, akisema kinga ni bora kuliko tiba. Vipande vya sponji vilivyoloweshwa dawa huwekwa chini ya utando wa jicho kwa dakika chache, kisha jicho husuuzwa kwa maji mengi. Dawa ikizidi, jicho huvuja na kulegea. Ikipungua, kovu hushinda. Katika dakika hizo ilikuwa marufuku kuzungumza, ila yeye mwenyewe aliimba, na aliimba vibaya mno.

Kisha akaja fundi cherehani. Jicho moja lilikuwa limeshapofuka. Lililobaki ndilo lililolisha nyumba. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini baada ya wiki chache kovu likaanza kunyemelea. Daktari akataka kumdunga dawa ile ile ya kovu kando ya jicho, zaidi ya mara moja. Mke wa fundi aliposikia kuwa dawa hiyo hutumika pia kutibu saratani, akaja juu: mume wake hana saratani, na jicho moja halichezewi! Daktari hakuchukia. Alikaa naye kwenye benchi la korido, akamweleza kwamba dawa inayozuia uvimbe kukua huzuia na kovu, akamweleza na hatari zake bila kuficha. Mama akakubali, kwa sharti awepo kila sindano. Akawepo kweli, amemshika mumewe mkono, akimkodolea daktari macho.

Kovu likasalimu amri! Presha ilishuka na haijapanda tena. Wiki iliyopita fundi alipokuja kupimwa, tulimpa sindano ya kushonea kwa utani. Akatunga uzi mara moja, akamtazama daktari juu hadi chini, akamwambia pindo la suruali yake limekwenda upande. Korido nzima ikashangilia kama goli limeingia.

Daktari, asante kwa kila jicho ulilolipigania. Madaktari uliowafundisha wako tayari, nasi tunawaangalia kwa karibu. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasumbufu. Na mke wa fundi ameagiza: nguo zako usipeleke kwa fundi mwingine, maisha yako yote.