Semeni, Jina la Bibi

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya duka la kinyozi, mguu mmoja umeegemezwa tofali, na birika la kahawa halikai mbali. Asubuhi ile Fundi Saa alikuja na fomu ya kliniki mfukoni. Mtoto wake wa kwanza, wa kike, ana siku nne, na mkewe kashikilia aitwe Semeni, jina la marehemu bibi yake Fundi. Jina la zamani hilo, siku hizi hulisikii. Fundi alitaka la kisasa, ila kabla ya kulikataa alitaka kujua lilitoka wapi. Akatuuliza sisi, na anavyotujua.

— Hilo ni sementi, akasema Kinyozi. Baba yake bibi alikuwa mwashi. Karani kaandika mbiombio, herufi ikadondoka.

— Bibi alizaliwa kabla sementi haijafika huku, nikamwambia.

— Ndiyo maana ikadondoka. Haba na haba hujaza kibaba.

Mstaafu, aliyekuwa karani maisha yake yote, alisema makarani hawadondoshi herufi. Kwa hesabu zake bibi alizaliwa mkutanoni: mwenyekiti aliwaambia wenye hoja "semeni," mama mtu akadhani mwanawe kapewa jina.

— Basi alikuwa na pacha, akadakia Kinyozi. Nyamazeni. Ndiyo maana hatujawahi kumsikia.

Tulicheka mpaka kahawa ikatumwagikia. Fundi hakucheka.

— Mke wangu nikimuuliza maana yake, ananiambia kawaulize wenzako wa kijiweni.

Hapo akatokea mama yake Fundi, kaja kuchukua fomu. Tukampisha, tukamwamkia shikamoo. Fundi akamuuliza habari za jina. Mama akatutazama mmoja mmoja.

— Mkamwana wangu kakaa miaka tisa bila mtoto. Miaka yote hiyo, hapa mlikuwa mnasemaje juu yake?

Kinyozi alichungulia kikombe kitupu. Mstaafu akafunga kifungo kilichokuwa kimeshafungwa. Mimi niliyakumbuka maneno yangu, nikaona aibu. Na Fundi alikuwa akikaa papa hapa katikati yetu, akiyasikia, akinywa kahawa.

— Mama yake bibi naye alisemwa hivyohivyo, mpaka siku aliyojifungua akampa mwanawe jina. Haya, semeni.

Fundi aliiweka fomu juu ya goti, akaandika jina kwa herufi kubwa, taratibu, asidondoshe hata moja.